Istilahi za Ujenzi: Mfano wa Nyumba ya Mkulima ya Bayleaf, Uingereza

Baadhi ya wanafunzi wetu hushikilia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea usanifu wa majengo ya kigeni. Makala hii inakusudia kuipima kauli hiyo kwa kutumia nyumba moja kongwe ya Kiingereza.

Bayleaf ilijengwa Chiddingstone, jimbo la Kent, mwanzoni mwa karne ya 15, ingawa upande wake mmoja ni wa mwanzoni mwa karne ya 16. Mwishoni mwa miaka ya 1960, bwawa la maji lilipokuwa likiundwa huko, nyumba ilifumuliwa kipande kwa kipande na baadaye kusimamishwa upya katika makumbusho ya Weald and Downland, Sussex. Iliwezaje kufumuliwa bila kuangamia?

Jibu limo katika kiunzi chake. Mafundi walichonga miti ya mwaloni ingali mibichi. Ncha ya mti mmoja ilichongwa ulimi, ukatiwa katika tundu la mti mwingine, kisha kiungo kikakazwa kwa vigingi vya mbao. Nguzo zilibeba mitambaapanya, nayo ikabeba makombamoyo ya paa. Kwa hivyo kuta hazikubeba uzito wa paa. Zilikuwa fito zilizofumwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na samadi na nyasi kavu. Katikati palikuwa na ukumbi ulio wazi hadi paani, na meko sakafuni. Dohani haikuwapo, moshi ulijitafutia njia. Vyumba vya juu, kila upande wa ukumbi, vilijitokeza mbele ya vile vya chini.

Msomaji atambue kuwa maelezo hayo hayakuhitaji istilahi hata moja ya Kiingereza. Fito, kukandika, kombamoyo na mtambaapanya ni msamiati wa fundi wa nyumba ya udongo ya pwani yetu. Hatudai kwamba nyumba hizi zina asili moja. Tunadai kwamba sehemu zinazofanya kazi sawa zaweza kuitwa kwa jina moja. Palipokosekana neno moja, kama katika vyumba vilivyojitokeza, fungu la maneno limetosha.

Hata hivyo, matofali ya saruji yanapochukua nafasi ya fito, maneno haya nayo yanahamia kamusini. Kabla ya kubuni istilahi mpya, basi, tumwendee fundi mzee tumsikilize.

Zoezi: Taja sehemu tano za nyumba ya udongo ya kwenu, kisha ueleze kazi ya kila moja.