Baketi ya Nyongeza ni Mali ya Nani?



Bado tuko kwenye amri ya saba. Wiki hii tuachane kidogo na mifano tuliyoizoea tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, ya mwizi wa kuku na mtoto aliyeiba sukari. Tuipandishe amri hii kwenye loda. Vijana wengi sasa wanatafuta cheti cha kuendesha mitambo, na baadhi yenu mnaosoma hapa tayari mko machimboni, bandarini au kwenye barabara inayojengwa. Ukiitazama kazi kwa mbali unaona kuchota, kuinua, kumwaga. Basi. Lakini yule aliyekaa kwenye kile kiti ana mamlaka makubwa kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi hakuna anayemwangalia.

Tuchukue machimbo ya kokoto, maana hapo jambo linaonekana wazi. Sehemu kama Lugoba, mkoa wa Pwani, mwamba unalipuliwa, unasagwa, unachekechwa kwa ukubwa, kisha kokoto inalala kwenye vilima ikisubiri malori ya kuipeleka mjini. Opereta wa loda ndiye mtu wa mwisho kuigusa kabla haijatoka getini. Baketi ya loda ya ukubwa wa kati hubeba kama mita 3 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa kama tani 1.5, kwa hiyo kila akichota ameinua tani nne na nusu hivi. Tipa la tairi kumi linatosheka kwa baketi tatu au zaidi kidogo. Opereta mzoefu anazo hesabu hizi kichwani. Anajua mchanga uliolowa mvua ni mzito kuliko mkavu hata kama baketi imejaa sawasawa. Anajua ukimwaga mzigo wote nyuma, ekseli za nyuma zitazidi hata kama jumla ya uzito ni halali. Kwa kifupi, mkono wake ndio mizani.

Sasa majaribu yanaingilia wapi? Yanaingia pale ambapo machimbo hayana mizani ya umeme, mzigo unauzwa kwa tripu au kwa baketi, na karani anahesabu kwa macho. Dereva anashuka, anasalimia vizuri: "Kaka, niongezee kidogo basi." Noti inapita dirishani. Baketi ya mwisho inakuja na kilima juu, au inaingia nyingine ambayo haimo kwenye risiti. Wote wanacheka. Dereva kapata, opereta kapata ya soda, tajiri hajui kitu. Hawaiti wizi, wanaita kusaidiana.

Wapo hata wanaoitetea kwa Injili. Si Yesu mwenyewe alisema tutoe, nasi tutapewa kipimo kilichojaa mpaka kinafurika (Lk 6:38)? Ndiyo, alisema. Lakini soma vizuri anaongea na nani. Anaongea na mtu anayetoa cha kwake. Sokoni enzi zile muuza nafaka mwema aliijaza pishi, akaitikisa ili nafaka ishuke, akaongeza tena, halafu akammiminia mnunuzi kwenye pindo la vazi lake. Nafaka ilikuwa yake, na hasara aliibeba yeye. Opereta anayeongeza baketi kutoka kilima cha mtu mwingine hajatoa chochote. Yuko karibu zaidi na yule wakili wa Lk 16 aliyepunguza madeni ya watu kwa kalamu, kwenye hati za bwana wake. Bwana alimsifu kwa ujanja wake, hakusema kwamba alitenda haki, na mistari michache mbele Yesu anarudi kwenye uaminifu katika mambo madogo (Lk 16:10).

Kuna sehemu nyingine ya Biblia inayomgusa mtu wa kokoto moja kwa moja. Katika Kum 25:13-16 Mungu anakataza mtu kuwa na mawe ya aina mbili mfukoni. Kwa nini mawe? Kwa sababu vipimo vya uzito vilikuwa mawe. Mfanyabiashara mjanja alibeba jiwe zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Mungu wa Israeli, aliyewatoa watu utumwani, anainama kukagua mfuko wa muuza duka. Mimi naona hilo linashangaza kuliko watu wanavyolichukulia.

Na jiwe jepesi nalo lipo hadi leo. Kuna siku agizo linatoka upande wa pili: "Huyu mteja mgeni, hajui, mpe baketi ambazo hazijajaa." Hapo opereta haibi kwa ajili yake mwenyewe, anatumwa. Katekisimu, namba 2409, inataja udanganyifu katika biashara, mishahara isiyo ya haki na hata kazi iliyofanywa vibaya, yote chini ya amri hiihii ya saba. Kutumwa hakukuondoi kwenye orodha. Najua jibu lenu: nikikataa nafukuzwa. Inawezekana kabisa, na sitajifanya ni jambo jepesi kwa mtu mwenye mtoto na kodi ya nyumba. Lakini kuna njia za katikati ambazo watu hawazijaribu. Jaza baketi kama kawaida bila kelele. Sema kwa heshima, "Bosi, huyu akirudi na malalamiko mimi ndiye nitakayeonekana." Wengi hukimbilia kutii kabla hata hawajajaribu neno moja.

Tukirudi kwenye baketi ya nyongeza, haiishii kwenye amri ya saba. Inagusa na ya tano, usiue. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma zenye tairi nne nne, na kwa gari refu la ekseli saba jumla isizidi tani 56. Ndiyo maana kuna mizani ya barabarani kama ile ya Vigwaza. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hauendi sambamba na uzito: ukizidisha uzito wa ekseli kwa asilimia 20, uharibifu unafika karibu mara mbili. Hiyo ni lami ya kodi ya mama yako. Halafu kuna breki. Tipa lililozidishwa linachelewa kusimama, na kokoto inayodondoka toka juu ya kilima inamkuta bodaboda aliye nyuma. Opereta hatamwona yule bodaboda. Yuko kilomita nyingi nyuma, anachota tripu nyingine.

"Lakini mshahara wenyewe haufiki popote." Hili nalichukulia kwa uzito, na Kanisa pia. Papa Leo XIII aliandika kuhusu mshahara wa haki mwaka 1891. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika waraka mzima juu ya kazi mwaka 1981, naye alijua anachosema: kijana Karol Wojtyła alifanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Zakrzówek, Krakow, kuanzia 1940, chini ya utawala wa Wanazi, akivunja mawe na kuyapakia kwenye mabehewa kwa mikono. Alimpoteza baba yake Februari 1941 akiwa bado kwenye kazi hiyo. Katika waraka ule anafundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, kabla ya kile kinachozalishwa. Kwa hiyo tajiri anayekulipa kiduchu anatenda dhambi, na ni haki yako kudai, hasa mkiungana. Ila kujilipa kimyakimya ni jambo jingine. Hoja kwamba mfanyakazi anaweza kuchukua kwa siri ili kufidia mshahara anaouona mdogo si mpya. Papa Inosenti XI aliikataa mwaka 1679. Mshahara mdogo unaudai mchana, kwa jina lako.

Na aliyekwisha kuchukua afanye nini? Aende kitubio, ndiyo, lakini Katekisimu (namba 2412) inadai pia kurudisha. Zakayo hakuishia kusikitika, aliahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8). Hapa vijana wengi wanaogopa kwamba padre atawaambia wakajitangaze kwa bosi. Hapana. Siri ya kitubio haivunjwi, na mtu halazimiki kujiharibia jina ili arudishe. Kama hukumbuki kiasi, kadiria kwa unyofu, usijionee huruma mno. Unaweza kurudisha kidogo kidogo, kimya, kwa njia ambayo pesa itamfikia mwenyewe. Kama haiwezekani kabisa kumpata, wapewe maskini. Ongea na padre muungamishi kuhusu hali yako, kwa sababu kesi hazifanani.

Kwa vikundi vya VIWAWA vitakavyotumia somo hili Jumapili: anzeni kwa kusoma Kum 25:13-16, halafu mpeni nafasi ya kwanza kusema yule ambaye kazi yake ni kupima au kupakia, iwe kokoto, mafuta ya kituoni au unga wa dukani. Wengine wasikilize kwanza, maswali baadaye. Wiki ijayo tunaingia amri ya nane.