Picha za Harusi: Tukumbuke Bila Kuingia Madeni



Katika somo hili tutazame jambo ambalo wengi huliona dogo, mpaka siku kamati ya harusi inapoketi na kujumlisha hesabu: malipo ya picha na video. Pengine mtauliza, "Sisi tumekwisha kuoana, yatuhusu nini?" Yawahusu sana. Wengine wenu mmeombwa kusimamia ndoa ya vijana wa jumuiya. Wengine mna binti aliyechumbiwa. Wengine mnajiandaa kwa jubilei ya miaka 25 au 50. Tena wako bwana na bibi waliokwisha kutoa mahari na kufanya koito au ruracio, wanaishi pamoja na kulea watoto, lakini kila mwaka husema, "Tutabariki ndoa tukipata pesa za harusi." Kwa ajili ya hao hasa ndiyo tumeliandika somo hili.

NDOA YADAI NINI?

Tuanze na lililo la lazima. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1108, yadai wachumba wafunge ndoa mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka, pamoja na mashahidi wawili. Kamera haikutajwa. Kanuni ya 848 yasema wahitaji wasikose masakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kwa upande wa Serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 hutambua cheti cha ndoa na daftari la ndoa kuwa uthibitisho. Basi umeme ukipotea na kamera zote zikizimika, mkiisha kutoa ahadi zenu mmeoana kweli.

Marehemu Papa Fransisko aliligusa jambo hili mwaka 2016 katika waraka wake Amoris Laetitia, aya ya 212. Alionya kwamba maandalizi ya kadi, mavazi na karamu humaliza fedha, na pamoja nazo nguvu na furaha, hata wachumba hufika siku yenyewe wamechoka. Aliongeza kwamba wapo wanaoishi pamoja wasiooana kamwe kwa kuogopa gharama. Maneno hayo yangeweza kuandikwa hapa kwetu Eldoret.

Hatusemi picha ni mbaya. Picha ni kitu chema. Mtoto hufurahi kumwona mama yake katika shela. Baba mzee akiisha kuitwa na Mungu, picha aliyosimama kando ya binti yake huwa hazina ya ukoo. Na siku itafika ambapo mmoja wenu atabaki peke yake na albamu hiyo mkononi. Shida huanza pale kumbukumbu inapogeuzwa kuwa sharti, sherehe ikangojea kamera.

PESA HUENDA WAPI?

Hamwezi kupunguza gharama msiyoielewa. Mpiga picha huwauzia vitu vitano kwa pamoja: watu atakaokuja nao, saa watakazofanya kazi, vifaa, kazi ya kuchagua na kuhariri baada ya harusi, na albamu. Usafiri huja juu yake. Video huongeza gharama kwa sababu kuihariri huchukua siku nyingi kuliko picha.

Tena siku hizi kamera huitwa mara nyingi: siku ya koito, siku ya mchango, siku ya wachumba kupigwa picha peke yao msituni Kaptagat, halafu siku ya harusi yenyewe. Kila mara hulipiwa.

Tuchukue mfano. Tuseme mmeletewa hesabu ya Sh 120,000: wapiga picha wawili, wapiga video wawili, droni na albamu mbili, kwa siku nzima. Mkabakiza mpiga picha mmoja na mpiga video mmoja kwa saa sita, bila droni, na albamu ingoje. Tuseme hesabu imeshuka hadi Sh 55,000. Sh 65,000 zilizobaki zitalipa kodi ya nyumba kwa miezi kadhaa, au kununua kitanda, godoro na jiko. Hizi ni tarakimu za mfano tu. Bei halisi mtaipata kwa kuuliza wapiga picha watatu, kila mmoja aandike bei ya kila kitu peke yake, asiwape jumla tupu.

NJIA ZA KUPUNGUZA GHARAMA

1. Andikeni orodha kabla ya kuuliza bei. Bwana na bibi harusi wakae peke yao, kila mmoja aandike picha kumi ambazo akizikosa atasikitika. Kisha walinganishe. Mara nyingi orodha hufanana: kutoka nyumbani kwa wazazi, kuingia kanisani, kutoa ahadi, kuvishana pete, kutia sahihi daftari, wazazi wa pande zote, bibi na babu, wasimamizi, keki. Hayo hayahitaji kikosi cha watu sita.

2. Punguzeni saa, msipunguze ustadi. Ni afadhali fundi mzuri kwa saa tano kuliko asiyejua kwa saa kumi na mbili. Fundi aje wakati wa kutoka nyumbani na aondoke baada ya keki. Dansi za jioni simu zatosha.

3. Msiigeuze harusi kuwa safari. Wengine wakitoka kanisani hupeleka msafara hadi Iten ili wapigwe picha juu ya bonde la Kerio. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 30. Petroli inaungua, saa za mpiga picha zinahesabiwa, na wageni wanangoja chakula. Iwe ni Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu jijini au kigango kidogo huko Moiben, bustani ya parokia na mti mmoja wenye kivuli vyatosha. Kumbukeni pia mvua zetu. Mwezi wa Agosti, ambao harusi ni nyingi kwa sababu shule zimefungwa, mvua hupenda kunyesha alasiri. Misa ianze asubuhi, na picha za familia zipigwe mara baada ya Misa, kabla watu hawajatawanyika.

4. Fikirini mara mbili kuhusu droni. Kanuni za mwaka 2020 zadai kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kwa mwenye kuirusha. Asiye na kibali huenda akawaletea taabu, na hiyo picha ya paa la hema mtaitazama mara moja tu.

5. Tumieni simu za jamaa kwa mpango. Kwa koito, jamaa mwenye simu nzuri na mkono uliotulia atosha. Lakini chagueni watu watatu, si watu mia. Mmoja ashughulike na wazazi, mmoja watoto, mmoja wageni. Wengine waombwe kuweka simu mfukoni wakati wa ahadi, ili fundi mnayemlipa asipige picha za migongo na simu zilizoinuliwa. Wakiwatumia picha kwa WhatsApp, wazitume kama hati. Zikitumwa kwa njia ya kawaida hupungua ubora.

6. Albamu yaweza kungoja. Ombeni picha zote katika flashi. Wale mliooana miaka ya 1990 mnakumbuka filamu ya picha 36: mpiga picha alifikiri kabla ya kubonyeza. Leo mtaletewa picha elfu mbili ambazo hakuna anayezitazama. Basi chagueni 36, mzichapishe kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu, na mzipange wenyewe jioni mkiwa wawili. Kazi hiyo yenyewe ni tamu.

7. Fungeni ndoa pamoja na wengine. Parokia nyingi huandaa siku ya kubariki ndoa za watu kadhaa katika Misa moja. Familia tano zikimlipa mpiga picha mmoja, kila moja hulipa sehemu ndogo. Muulizeni paroko au katekista wenu.

MSIPUNGUZE HAPA

Kuna ubahili unaogeuka hasara. Msimpe kazi rafiki "wa bure" ambaye pia ni mgeni wa karamu: akiketi kula, nani atapiga picha? Na akiharibu, mtamdai vipi? Kabla ya kumchagua fundi, ombeni kuona picha za harusi moja yote tangu mwanzo hadi mwisho, si zile kumi bora tu. Zitazameni hasa zilizopigwa ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu. Hapo ndipo ustadi hujulikana.

Kisha mwandikiane. Karatasi moja yatosha: tarehe, saa, nani hasa atakayekuja, idadi ya picha zitakazohaririwa, urefu wa video, siku ya kukabidhi, na itakuwaje akiugua. Lipeni kwa awamu tatu: sehemu ya kwanza mnapokubaliana, ya pili siku ya harusi, na ya mwisho kazi ikiwa mkononi mwenu. Anayelipwa zote mapema mara nyingine husahau njia ya nyumbani kwenu. Lipeni kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki. Mambo yakiharibika kabisa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000.

Jueni haki zenu pia. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmeandikiana vingine. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yadai ridhaa yenu kabla picha zenu hazijatumiwa kutangaza biashara. Mkipenda kutoa ridhaa hiyo, ombeni mpunguziwe bei kwa ajili yake.

KUMBUKUMBU ISIPOTEE

Wengi wenu mna mkanda wa video wa harusi kabatini, na hakuna mashine ya kuuchezesha. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kutengeneza mashine hizo, iliacha mwaka 2016. Mkanda huo upelekeni kwa fundi auhamishe kabla haujaota ukungu. Vijana nao wajifunze hapo: flashi pia hupotea, na simu huibiwa. Wekeni nakala mbili katika nyumba mbili, moja kwenu na moja kwa wazazi. Picha iliyochapishwa vizuri haihitaji mashine wala umeme. Mjukuu ataishika mkononi.

NENO KWA WASIMAMIZI NA WAZAZI

Ninyi mliotangulia mna kazi nzito. Kijana hatathubutu kusema kwenye kamati, "Hizi pesa hatuna." Ataogopa aibu. Msemeeni. Mwambieni waziwazi kwamba harusi yake haitakuwa pungufu kwa kukosa kamera ya pili. Bwana Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Wachumba wanaojifunza kuhesabu pamoja, na kukubaliana bila kununiana, wameanza kazi ya ndoa hata kabla ya siku yenyewe. Na wale wanaoishi pamoja wakingoja pesa, watembeleeni nyumbani. Waulizeni ni kitu gani hasa wanachongoja. Pengine watajikuta wanangoja vitu ambavyo ndoa haikudai.

MASWALI YA KUJADILIANA (bwana na bibi, au katika jumuiya)

1. Ni picha gani ya harusi yenu mnayoipenda zaidi? Ilipigwa kwa gharama gani?

2. Katika jumuiya yenu, ni nani wanaochelewa kubariki ndoa kwa ajili ya gharama? Mwaweza kuwasaidiaje bila kuwaaibisha?

3. Kama mngefunga ndoa leo, mngeondoa nini katika bajeti, na pesa hizo mngezipeleka wapi?

4. Picha zenu za harusi ziko wapi sasa? Watoto wenu wamepata kuziona?