Kuijua Nafsi na Kuihesabu

Ndugu zetu Waislamu, somo letu la leo ni kuijua nafsi. Mtu hujua bei ya sukari, na khabari za ulimwengu mzima amezishika mkononi katika simu yake. Lakini aulizwe kwa nini juzi alighadhibika na mkewe, hana jawabu. Hali hii wanazuoni wameiita ghafla, nayo ni usingizi wa mtu aliye macho.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din ameufananisha moyo na hodhi liingiwalo na mito, na mito hiyo ni hisi zetu. Atakaye kuuona mfano huu kwa macho, na autazame mji wa Nakuru katika Bonde la Ufa, ambao wengi wetu twaujua kwa safari na biashara za bara. Kando yake pana ziwa. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit humwaga humo, wala hapana mto hata mmoja utokao. Jua huchukua maji, na chumvi hubaki. Hata taka za mji zikokotwazo na mvua hukaa humo.

Ziwa hilo lilipata sifa ulimwenguni kwa heroe, ndege wa rangi ya waridi. Mwaka 2010 lilikuwa na kilomita za mraba 40 hivi. Hata kufika mwaka 2020 lilikuwa limepita 60, limelimeza lango kuu la mbuga. Maji yalipozidi, magadi yalipungua ukali, na mimea midogo ya majini waliyokuwa wakila heroe ikapungua; wengi wao wakahamia maziwa mengine. Hapana siku moja ambayo mtu angaliweza kusema, "Leo ziwa limegeuka." Lilipanda kidogo kidogo, na aliyetambua mapema ni aliyekuwa akipima.

Basi na moyo ni vivyo hivyo. Hapana alalaye mwema akaamka hasidi. Mtu hufika miaka arobaini, watoto wake wakinyamaza aingiapo nyumbani, na rafiki wa zamani hawamjii tena, wala haijui siku mambo hayo yalipoanza.

Dawa yake ni kupima. Ghazali aifananisha nafsi na mshirika wa biashara: hushurutiwa kwanza, huangaliwa kazini, kisha huhesabiwa. Mwenye duka hafungi mlango asihesabu fedha zake. Vipi sisi twaifunga siku bila ya hesabu?

Asubuhi, shartiana na nafsi yako juu ya jambo moja tu, mfano ulimi. Mchana, ichunge. Usiku, baada ya Isha, jiulize matatu: Nini kimeingia moyoni mwangu leo, na kwa mlango gani? Nani nimemdhulumu? Kesho nitengeneze nini? Na ikiwa dhulma ni ya mja, toba haitimii mpaka haki irudi kwa mwenyewe.

Wala hesabu hii si ya kujilaani. Mfanyabiashara aonaye hasara hachomi duka, huziba panapovuja. Na tuanze usiku wa leo. Mwenyezi Mungu atuzindue kabla hatujazinduliwa na mauti. Amin.