Pikipiki na mvua katika mbuga za Bariadi

Swali: Kwa nini pikipiki huteleza sana Bariadi wakati wa mvua, na dereva afanye nini?

Jibu: Maeneo mengi ya mbuga za Bariadi, mkoani Simiyu, ambako pamba hulimwa, yana udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa, udongo huo huvimba na kunata. Matope hujaza kashata za tairi, kisha hujibana chini ya madigadi hadi gurudumu likwame. Njia za udongo huo zinahitaji tairi zenye kashata kubwa, gia ndogo na mafuta ya taratibu. Matope yakizidi, ni lazima kusimama na kuyakwangua kwa kijiti.

Kwenye lami ya kwenda Lamadi, dakika za kwanza za mvua ndizo hatari zaidi, kwa kuwa maji huchanganyika na vumbi na oili iliyodondoka barabarani. Mwendo upunguzwe, nafasi nyuma ya gari iongezwe, na breki ya mbele na ya nyuma zikamatwe pamoja, polepole, kabla ya kuingia kwenye kona.

Mto Simiyu na makorongo yake huweza kujaa ghafla hata kama mvua imenyesha mbali. Maji yanayopita juu ya kalavati hayapaswi kuvukwa: huficha palipobomoka na huweza kusomba pikipiki pamoja na abiria. Radi zikianza, kujikinga chini ya mti uliosimama peke yake mbugani ni hatari. Jengo imara ndilo salama.

Baada ya safari, mnyororo huoshwa na kupakwa oili, na breki hukaguliwa.