Mikono baridi, dripu ya polepole

SWALI: Daktari, mjukuu wangu alishikwa na homa kali, mikono na miguu ikawa baridi kabisa. Mbona hawakumfungulia dripu ya haraka?
Bibi, Mulago, Kampala

JIBU: Pole kwa hofu uliyoipata, Bibi. Ubaridi ule ni mwili kujihami. Kwenye mshipa mkuu utokao moyoni na kwenye mishipa ya shingo kuna neva zinazohisi kuta zikitanuka. Msukumo wa damu ukishuka, kuta hutanuka kidogo zaidi na ubongo hupata habari papo hapo: moyo unakwenda mbio, mishipa ya ngozi inabana, damu inaelekezwa kwenye moyo na ubongo. Figo nazo hutoa kemikali iitwayo renini ili mwili ubakize chumvi na maji, ila kazi hiyo huchukua saa kadhaa.

Zamani tuliamini mtoto wa namna hiyo ajazwe maji upesi. Kisha ukaja utafiti wa FEAST, uliofanyika Mulago na hospitali nyingine za Uganda, Kenya na Tanzania, ukachapishwa 2011. Kati ya watoto waliomiminiwa maji kwa kasi, takriban 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiomiminiwa, 7. Matokeo haya yalitushtua. Huenda maji ya ghafla huilegeza mishipa iliyobana, moyo ukaelemewa.

Watoto wenye kuharisha hawakuwemo katika utafiti huo. Mtoto anayeharisha amepoteza maji kwelikweli, na akiishiwa nguvu au macho yakididimia, mkimbizeni hospitali akaongezewe.