Mji wa Reli na Hopsi: Somo Kutoka Paddock Wood, Uingereza



Mara nyingi tukikaa na vikundi tunaulizwa swali moja: "Tukipata njia nzuri ya kufikisha mazao sokoni, na tukipata zao moja lenye bei, si shida zetu zitakuwa zimekwisha?" Ni swali zuri. Lakini badala ya kulijibu kwa maneno matupu, wacha leo tutembee mbali kidogo, tuangalie mji mmoja mdogo wa Uingereza uliopata vitu hivyo viwili. Ulipata reli na ukapata zao. Tuone vilimfaidi nani, na siku vilipoondoka nini kilibaki.

Mji huo unaitwa Paddock Wood. Uko katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa London, mwendo wa kama kilomita 60.

STESHENI KWANZA, MJI BAADAYE

Kabla ya mwaka 1842 hapakuwa na mji hapo. Palikuwa na mashamba, misitu na nyumba chache zilizotawanyika. Kijiji chenyewe kilikuwa Brenchley, juu kilimani. Mwaka huo kampuni ya South Eastern Railway ilikuwa ikijenga reli kutoka upande wa London kwenda pwani, na reli ikapita bondeni kwa sababu bonde ni tambarare. Wakaweka stesheni, wakaiita Maidstone Road, maanake abiria wa mji wa Maidstone walikuwa wakishuka hapo na kuendelea kwa barabara.

Mwaka 1844 tawi la reli lilijengwa kutoka hapo hadi Maidstone kwenyewe. Jina la zamani halikufaa tena, na stesheni ikaitwa Paddock Wood. Basi pakawa njia panda ya reli. Na penye njia panda hapakosi duka, hoteli ya wasafiri, ghala na nyumba za wafanyakazi. Mji ukaota kandokando ya reli. Hata sisi hapa tunajua jambo hili: Nairobi nayo ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899.

HOPSI NI NINI?

Hopsi ni mmea unaotambaa kwenda juu, kama vile maharagwe yanavyopanda kijiti, lakini huu hufika mita tano au zaidi kwa msimu mmoja. Mashina ya juu hukatwa kila mwaka na mizizi hubaki ardhini miaka mingi. Kinachotakiwa ni maua ya mmea jike, ambayo ndani yake mna unga wa manjano wenye uchungu. Watengenezaji wa bia hutia maua hayo ili kuipa bia uchungu na kuizuia isiharibike upesi. Hatuandiki hapa kuisifu pombe. Tunaeleza kazi ya mkulima.

Na kazi yenyewe ni nyingi! Lazima usimike nguzo, ufunge waya juu, na kila mwaka ufunge kamba mpya za kupandia. Kamba hizo kwa muda mrefu zimekuwa za makumbi ya nazi, zilizoletwa kutoka nchi za joto. Wanaume walikuwa wakitembea juu ya miguu mirefu ya mbao ili wafikie waya. Machipukizi yalielekezwa kwenye kamba kwa mkono, moja moja, na kazi hiyo ilifanywa sana na akina mama.

Hopsi zikivunwa huwa zimejaa maji na zikilala bila kukaushwa huharibika. Kwa hiyo wakulima wa Kent walijenga nyumba maalum za kukaushia. Chini waliwasha moto, juu wakatandaza hopsi, na kwenye ncha ya paa wakaweka kofia nyeupe ya mbao inayogeuka kufuata upepo ili mvuke utoke. Baadaye hopsi zilishindiliwa kwenye magunia marefu na kupelekwa sokoni.

Kumbe reli na hopsi zilifaana sana. Reli ilipeleka magunia London. Ilileta makaa na mbolea. Lakini zaidi ya yote, ilileta watu.

TRENI ZA USIKU

Mavuno huanza mwanzoni mwa Septemba na huchukua wiki chache tu. Zamani hizo kila ua lilichumwa kwa mkono, na watu wa vijiji hawakutosha. Basi makumi ya maelfu ya watu walitoka mitaa maskini ya mashariki mwa London kuja Kent kuchuma. Wengi walikuwa akina mama na watoto wao. Waume walibaki kazini mjini, wakaja kuwatembelea Jumamosi na Jumapili.

Shirika la reli liliwawekea treni maalum za nauli nafuu, mabehewa ya zamani, zikiondoka usiku wa manane. Mama alibeba sufuria, blanketi, chai na sukari katika sanduku moja kubwa au kwenye kigari cha mtoto. Nauli ikikosekana, mtoto mmoja wawili walifichwa chini ya kiti au nyuma ya sketi ya mama. Paddock Wood ilikuwa mahali pa kushuka au kubadilisha treni, na jukwaa lilijaa watu na mizigo.

Mwaka 1892 tawi jingine lilifunguliwa kutoka Paddock Wood kuelekea kusini, na mwaka 1893 likafika Hawkhurst. Lilipita Horsmonden, Goudhurst na Cranbrook, urefu wa kama kilomita 18, katikati ya mashamba ya hopsi. Lakini kulikuwa na kasoro: reli ilifuata njia iliyokuwa rahisi kujenga, na stesheni ya Cranbrook ikawa mbali na mji wenyewe kwa kilomita kama tatu. Mwezi wa Septemba njia hiyo ilijaa. Miezi mingine abiria walikuwa wachache. Tulikumbuke jambo hili, tutalirudia.

WAGENI WALIOKUFA

Sasa tuje kwenye mambo mazito. Mchumaji alikuwa mgeni. Alilala kwenye kibanda cha mbao au bati, juu ya majani makavu, na zamani zaidi hata katika zizi la ng'ombe. Maji na vyoo havikuangaliwa.

Septemba ya mwaka 1849, kule East Farleigh kando ya tawi la Maidstone, kipindupindu kiliingia kambini. Leo tunajua ugonjwa huo huenezwa na maji na chakula kilichochafuliwa na choo. Wachumaji 43 walikufa. Walizikwa kwenye uwanja wa kanisa la kijiji, na alama yao inawataja kama wageni arobaini na watatu. Fikirini, ndugu zetu: kuvuna mali ya mtu, ukafa, ukakumbukwa kwa hesabu.

Miaka minne baadaye, tarehe 20 Oktoba 1853, mkokoteni wa farasi uliobeba wachumaji kutoka shambani ulifika kwenye daraja la mbao la Hartlake, juu ya mto Medway. Mto ulikuwa umefurika. Mkokoteni ukavunja uzio wa daraja na kutumbukia. Watu 30 walikufa maji, na wengine kati yao walikuwa wa jamaa moja. Kumbukumbu yao iko Hadlow, kwenye uwanja wa kanisa.

Shamba lilikuwa na faida. Reli ilikuwa na faida. Lakini choo cha wafanyakazi na uzio wa daraja, nani aliviona kuwa kazi yake?

MTU MMOJA ALIYEKWENDA KUONA

Huko London, katika mtaa wa Stepney, kulikuwa na kasisi wa Kianglikana jina lake Richard Wilson. Kila Septemba watu wake wengi walitoweka kwenda kuchuma hopsi. Naye akawafuata, akachuma pamoja nao. Huko shambani akaona watoto wakiugua na hakuna wa kuwatibu.

Mwaka 1897 alipata nyumba ndogo Five Oak Green, kijiji kilicho jirani na Paddock Wood, akaifanya hospitali ya msimu kwa wachumaji na watoto wao. Baadaye hospitali hiyo ilihamia jengo kubwa zaidi, ambalo kwanza lilikuwa baa. Tunapenda utaratibu wa kazi yake. Hakuanza na jengo. Alianza na kwenda, kukaa na watu na kuona. Shida akaijua kwa macho yake, ndipo akatafuta nyumba.

KIPIMO NA MKONO MZITO

Wachumaji walilipwa kwa kipimo kinachoitwa busheli, sawa na karibu madebe mawili yetu. Kabla ya kazi, bei ilitangazwa: busheli kadhaa kwa shilingi moja. Mpimaji akija na kikapu chake, ugomvi ulikuwa karibu. Hopsi ni nyepesi kama manyoya. Ukizitikisa zinajaa kikapu upesi, ukizigandamiza zinashuka. Wachumaji walizitikisa zipande, na mpimaji mwenye mkono mzito alizisukuma chini. Mavuno yale yale, lakini pesa nyingine! Mara kwa mara wachumaji waliweka mikono chini mpaka bei ibadilishwe. Na kwa kuwa hopsi haziwezi kungoja, mwenye shamba alilazimika kuwasikiliza.

Aliyewahi kuchuma kahawa au majani chai kwa mtu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

MAMBO YALIPOBADILIKA

Mwaka 1878 Uingereza ilikuwa na ekari zaidi ya 70,000 za hopsi, na sehemu kubwa ilikuwa Kent. Siku hizi hazifiki ekari 5,000. Nini kilitokea?

Kwanza, hopsi za nchi za nje ziliingia na bei ikashuka. Pili, watu wakaanza kupenda bia za aina nyingine zinazotaka hopsi kidogo. Tatu, ugonjwa wa kunyauka unaokaa udongoni uliingia Kent katika miaka ya 1920, na aina iliyopendwa sana, Fuggle, haikuuweza. Wataalamu wa chuo cha kilimo cha Wye walikuwa wakizalisha aina mpya tangu 1906, na kazi hiyo iliwaokoa wakulima wengi, lakini si wote. Nne, baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja mashine za kuchuma. Katika miaka ya 1950 na 1960 treni za wachumaji zilipungua mpaka zikaisha.

Tawi la Hawkhurst lilifungwa Juni 1961. Lile jambo tulilosema tulikumbuke ndilo hili: njia iliyojaa mwezi mmoja na kukaa karibu tupu miezi kumi na mmoja, tena stesheni zake ziko mbali na watu, haikuweza kujilipia. Reli ikang'olewa.

Je, Paddock Wood nayo ilikufa? La. Reli kubwa ya London ilibaki, na tawi la Maidstone pia. Wakazi wakaanza kupanda treni asubuhi kwenda kazini London na kurudi jioni. Viwanda na maghala yakajengwa, na nyumba zikaongezeka. Leo mji una watu zaidi ya 8,000. Nyumba nyingi za kukaushia hopsi zimegeuzwa kuwa makao ya watu. Kule Beltring, karibu na mji, kampuni ya bia ya Whitbread ilikuwa na shamba kubwa la hopsi, na baadaye majengo yake yaligeuzwa kuwa mahali pa watalii.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, njia huleta mji, lakini njia inayotegemea msimu mmoja ni dhaifu. Paddock Wood ilipona kwa sababu reli yake kubwa ilikuwa na kazi mwaka mzima.

Pili, zao moja ni kama nguzo moja ya nyumba. Likinyauka, au bei ikianguka, paa zima linashuka. Tuwe na la pili na la tatu kabla ya kulazimishwa.

Tatu, wanaovuna ni watu. Choo, maji safi na njia salama si zawadi ya kungojea faida. Vinaanza siku ileile kazi inapoanza.

Nne, kipimo kikubaliwe kabla ya kazi, mbele ya wote, na kisibadilishwe na mkono wa mtu mmoja.

MASWALI YA KIKUNDI

Someni kwa sauti, kisha mzungumze. Wasiojua kusoma wapewe nafasi ya kusema kwanza.

1. Pesa za kikundi chetu zinatoka kwa zao ngapi? Kubwa likikosa soko msimu huu, nani ataumia kwanza?

2. Wakati wa mavuno tunaajiri vibarua? Wanalala wapi, wanakunywa maji gani, wanakwenda choo gani? Kuna yeyote kati yetu aliyekwenda kuona?

3. Tunatumia kipimo gani kupima kazi zao? Je, wao wanakikubali?

4. Kuna daraja au kivuko hapa kwetu ambacho kila mtu anajua ni kibovu na kila mtu anangoja mwingine akitengeneze? Andikeni jina lake na tarehe ya kuanza kazi kabla hamjaondoka kwenye mkutano.

Swali la nne msiliache. Wale watu 30 wa Hartlake walikuwa wametoka shambani tu, wanarudi kupumzika.