Somo la Wiki: Mtume, Mtumwa na Neno Uhuru



Wiki hii tunajifunza neno uhuru. Mnalijua kwa sikukuu za bendera: Tanganyika 9 Desemba 1961, Uganda 9 Oktoba 1962, Kenya 12 Desemba 1963. Leo tutalifikia kwa njia nyingine, kwa kuanza na kinyume chake.

Chukueni kitenzi kutuma. Kinatupa mtume na pia kinatupa mtumwa. Wote wawili wametumwa, lakini mtume amebeba ujumbe na watu humsikiliza. Mtumwa anatumwa leo na kesho, na hakuna anayemuuliza ana la kusema. Zamani kule Pwani, mtu ambaye hakuzaliwa utumwani aliitwa mwungwana. Mtumwa aliyeachwa na bwana wake aliitwa huru, na wengi wao mahuru. Hata baada ya kuachwa, jina hilo liliwakumbusha watu alikotoka.

Sasa twende mtaani kwetu. Ukipita Barabara ya Guangta, wilaya ya Yuexiu, utauona mnara wa Msikiti wa Huaisheng. Karibu miaka elfu moja iliyopita, sehemu hiyo walikaa wafanyabiashara wageni, wakiwemo Waarabu na Waajemi waliokuja kwa majahazi. Mwandishi mmoja, Zhu Yu, ambaye baba yake alikuwa ofisa wa serikali hapa Guangzhou, alimaliza mwaka 1119 kitabu kiitwacho Pingzhou Ketan. Humo anaeleza kwamba matajiri wa mji huu walikuwa na watumwa weusi, watu wenye nguvu za kubeba mizigo mizito. Wataalamu wanabishana: wengine wanasema walitoka pwani ya Afrika Mashariki, wengine wanasema visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia.

Mwandishi anaeleza nguvu zao, nywele zao na chakula chao. Jina la hata mmoja wao halimo. Tena anasema kwamba waliokaa hapa muda mrefu walielewa lugha ya wenyeji, lakini wenyewe hawakuweza kuisema.

Hebu fikiri. Kwao mtu huyo alikuwa akitania, akiimba, akibishana na ndugu zake. Hapa alikuwa anasikia amri tu. Kamba hufunga mikono, lakini mtu asiyeulizwa neno wala kuitwa kwa jina lake amefungwa hata kamba ikikatwa.

Je, sheria ikitangaza kwamba uko huru, basi yamekwisha? Tuone Unguja na Pemba. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Lakini watumwa hawakuamka kesho yake wakiwa huru. Kila mmoja alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba. Tena alitakiwa aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Nyumba na shamba vilikuwa vya bwana. Kwa hiyo wengi walibaki pale pale, wakipatana na bwana siku za kufanya kazi. Masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo. Walisubiri hadi mwaka 1909. Mlango ulifunguliwa, lakini nje hapakuwa na pa kukanyaga.

Wazazi, jambo la tatu mnalikumbuka wenyewe. Aprili 2020, wakati wa Korona, Waafrika kadhaa hapa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli, wakiwemo waliokwisha kulipa kodi na wenye viza halali. Wengine walilala nje. Mabalozi wa nchi za Afrika walioko Beijing waliandika barua kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa China kulalamika. Haukuwa utumwa, na tusiseme ulikuwa utumwa. Lakini tuliona jinsi mtu anavyoweza kulala akiwa mpangaji na kuamka hana mlango. Tuliona pia kwamba waliosema na kuandika walisaidia wengine wasikike.

Ndiyo maana tunakutana kila wikiendi kujifunza Kiswahili, na ndiyo maana tunawahimiza mjue Kichina vizuri. Mtoto anayeweza kueleza shida yake kwa mwalimu, kwa mwenye nyumba au kwa polisi si rahisi kuonewa kimya kimya.

Tujitazame na sisi. Mkienda nyumbani likizo, dada anayewapikia na kuwafulia, mnamjua jina lake? Anapumzika lini? Ukimtuma, unamwambia tafadhali? Uhuru wa mtu mwingine unaweza kupotea mkononi mwako, tena bila wewe kugundua. Wahenga walisema uungwana ni vitendo.

Kazi ya nyumbani

1. Andika sentensi tano ukitumia maneno haya: tuma, mtume, mtumwa, mwungwana, huru.

2. Muulize mzazi wako: ni siku gani ulihisi huna uhuru, na nani alikusaidia? Andika jibu lake kwa Kiswahili.

3. Wiki hii, jifunze jina la mtu mmoja anayekufanyia kazi kila siku, kama mlinzi wa jengo lenu au mfagiaji. Mwite kwa jina hilo, kisha utusimulie darasani.